Mimea Yenye Ndugu Wengi

Maua ya kigeni yana raha moja: hayana ndugu mjini. Bogenvilia asili yake Amerika Kusini. Imekaa getini, inachanua, basi. Hakuna atakayebisha hodi alfajiri kuomba tawi lake la kumfukizia mtoto mwenye mafua. Lakini hebu panda mimea ya asili kwenye makopo, kwenye kibaraza cha ghorofa la kupanga hapa Dar es Salaam, ndipo utajua ni watu wangapi wana haki na kopo lako.

Wazo lenyewe ni zuri, na bado nalitetea. Kibaraza changu kinatazama magharibi. Jua la alasiri linakipiga mpaka vigae vinaunguza nyayo, na maji ya bomba huja yanapojisikia. Ua la kudekezwa halina maisha hapo. Mmea uliozoea kiangazi cha huku hautaki makuu: ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, udongo mweusi uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza, halafu uachwe.

Huko kuuacha ndiko kugumu. Muuza miche wa kando ya barabara aliniletea mmea wenye majani mazito, yanayong'aa utadhani yamepakwa mafuta ya nazi. “Huu wa Uholanzi, bosi,” akasema, “ndiyo maana bei imechangamka kidogo.” Wa Uholanzi! Zamioculcas ni wa ukanda wetu huu, kuanzia Kenya kushuka mpaka Afrika Kusini, na wafanyabiashara wa maua wanauita kito cha Zanzibar. Wakulima wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ukatembea dunia, sasa umerudi nyumbani na bei ya mtu aliyekaa Ulaya. Chini ya udongo una viazi vya kuhifadhi maji, kwa hiyo unaweza kukaa wiki kadhaa bila tone. Dada anayenisaidia nyumbani hakuwa na habari za viazi. Aliona kiumbe kimekaa pembeni hakiombi kitu, akakionea huruma, akawa anakinywesha asubuhi na jioni. Majani yalipogeuka njano akaongeza kipimo. Nilipomwambia kimekufa kwa kunywa, alisikitika kweli, kisha akatoa hukumu: “Vya Ulaya havina shukrani.”

Kuwa mmea wa Tanzania nako hakutoshi, maana nchi ni kubwa. Lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao Ujerumani na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia, limejaa madirishani Ulaya. (Mwaka huohuo 1893 Richard Hindorf akaleta mkonge Tanga. Tukatoa ua la kivulini, tukapewa miiba.) Ua hilo limezoea miamba yenye unyevu na kivuli cha msitu. Kwangu, Februari, halikumaliza hata mwezi.

Waridi la jangwani lenyewe halikuona shida na jua. Hilo humea porini kwenye nyika zetu kavu, shina limevimba chini, na utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji walipaka mishale. Kwa sababu hiyo nililiweka juu, watoto wasilifikie. Mama mwenye nyumba alipokuja kufuata kodi, macho yalimtua kwenye shina.

“Mbuyu huo?”

“Hapana mama, ni ua.”

“Mimi mtoto wa Bagamoyo, mbuyu nitaukosea? Na wenyewe wakija kuukalia, kodi watanilipa wao?”

Mkataba uliofuata ulikuwa na kifungu kipya: mpangaji haruhusiwi kufuga wanyama wala mibuyu.

Kopo nililojivunia zaidi lilikuwa la mchunga. Shambani mchunga ni msumbufu, mizizi yake hutambaa chini kwa chini na kuibukia kwa jirani. Kwenye ndoo hauna pa kwenda, unatulia na kutoa vijiua vya njano. Shangazi alikuja kutoka Tanga nami nikiwa kazini. Jioni nilikuta ndoo imebaki visiki, na mezani bakuli limefunikwa. Alikuwa ameuchemsha, akamwaga maji kupunguza uchungu, akauchemsha tena, akautia tui zito. “Nimekuokolea mboga yako, mwanangu,” akasema, “ulikuwa unaiacha inachanua.” Sikuwa na la kujibu, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa.

Lakini hayo yote ni utangulizi wa habari ya sale. Sale ni dracaena, mmea wa kopo usio na makuu, unavumilia hata ukutani penye mwanga hafifu. Kwa Wachagga ni alama ya mpaka wa kihamba, na ni zaidi ya hapo: ukimkosea mtu kosa kubwa, unampelekea jani la sale, naye akilipokea anatakiwa asamehe. Mimi nilikuwa nasafiri tu. Nikabeba kopo zima mpaka mlango wa pili, kwa mzee wa Marangu, nimwombe alimwagilie.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba.” Akalitazama kopo. Akanitazama mimi. Akamwita mkewe aje ashuhudie. Nilipofungua mdomo, alininyamazisha kwa mkono.

“Usiseme kitu. Nilikuwa nimeapa. Lakini umeleta sale, tena si jani, umeleta na mizizi yake. Yale ya Pasaka yamekwisha.”

Mkewe alikuwa anafuta machozi. Unaanzaje hapo kusema habari za kumwagilia? Nililetewa mbege, nikanywa, nikaaga, kopo likabaki. Tangu siku hiyo mzee hunisalimu kwa upole wa ajabu, na sale limestawi mlangoni kwake kuliko lilivyowahi kustawi kwangu.

Kwa hiyo, msomaji, kama unaishi ghorofa letu na unajua nilimfanya nini mzee yule Pasaka ile, nakuomba sana uniambie. Nitakupa mche wa mchunga.