Kuchagua Fimbo Itakayokuaibisha Kidogo

Mheshimiwa mwanagofu, umebakiza yadi 190 kufika grini. Draiva ulishaipiga, na mpira umelala pale ulipopenda wenyewe. Aironi namba 5 haifiki, labda upepo ukusukumie na uwanja ukuteremkie. Sasa unatakiwa kuchomoa kitu cha katikati, na humo katikati ya begi ndimo kampuni za fimbo zilimojenga maghorofa yao. Wanakuuzia vitu vitatu: vudi ya feawei, haibridi na draiving aironi. Kimoja kipya, huko Marekani, ni kati ya dola 200 na 400, kabla hujakutana na watu wa forodha. Mwongozo huu utakuwezesha kuchagua vibaya bila kusita. Ukiwa msikivu, huenda hata ukachagua vizuri.

Hatua ya kwanza ni kutazama nyuma yako. Wanaojifunza hutazama mpira ulivyokaa, umbali, upepo. Hizo ni kazi za kedi. Mwenye hadhi hutazama kwanza nani anamwona. Ukikuta ni wageni wa mdhamini, wamesimama na glasi zao na wanadhani wewe ndiye nahodha wa klabu, chomoa draiving aironi. Hakuna fimbo inayompa mtu heshima kubwa kuliko hii kabla hajaipiga. Ni nyembamba, inang'aa, na inatangaza kwamba mwenye nayo hahitaji kusaidiwa na mtu. Heshima hiyo hudumu mpaka mpira unapoondoka.

Nayo ina ukoo, tusiivunjie adabu. Babu yake ni aironi namba 1, fimbo iliyowatisha hata wenye vipaji. Jack Nicklaus aliipiga pale Pebble Beach katika US Open ya 1972, shimo la 17, mpira ukaenda kugonga mlingoti wa bendera. Lee Trevino, aliyepigwa na radi uwanjani mwaka 1975, alikuwa akitania kwamba mvua ya radi ikikukuta wazi inua aironi namba 1, kwa kuwa hata Mungu hawezi kuipiga. Astaghfirullah, lakini anayeikumbuka fimbo ile anaelewa mtu alikuwa amefikishwa wapi. Mjukuu wa leo ana huruma kidogo. Kichwa chake ni kitupu ndani, chini kimewekewa uzito wa tangsteni ili mpira uinuke, na uso wake umeegemea nyuma digrii 18 hadi 21. Mpira huruka chini chini, haupati nafasi ya kuchezewa na upepo, ukitua unakimbia. Tiger Woods alishinda The Open ya 2006 pale Hoylake, uwanja umekauka kama sakafu, akiwa ametumia draiva mara moja tu kwa siku nne. Kazi nyingi ya kuanzisha mashimo aliifanya kwa aironi ndefu.

Picha ile imewauzia watu wengi fimbo. Ambacho picha haisemi ni mwendo wa mikono. Kama kichwa cha draiva yako hakifiki kilomita 150 kwa saa, na cha wengi wetu wa Jumamosi asubuhi hakifiki hata kwa kusukumwa, draiving aironi haitauinua mpira kiasi cha kutua na kusimama kwenye grini. Mpira utatoka kama risasi, futi sita juu ya nyasi, uingie kwenye bunka ya mbele. Wageni wa mdhamini watapiga makofi kwa sababu hawajui. Kedi anajua, atakutazama viatu.

Vudi ya feawei ni ya mtu mwenye matumaini. Jina limebaki la mti ingawa mti wenyewe ulishaondoka. Leo kichwa ni chuma cha pua, titani au kaboni. Mpini wa vudi namba 3 ni kama inchi 43, wakati wa draiving aironi ni kama 39 na nusu. Urefu huo ndio mwendo, na mwendo ndio yadi. Uzito wa kichwa umekaa chini na nyuma, hivyo mpira hupanda hata kama mpigaji hakufanya la maana. Ikikubali, hakuna kitu kitamu zaidi uwanjani. Padraig Harrington, mwaka 2008 pale Royal Birkdale, shimo la 17 siku ya mwisho, alichomoa vudi namba 5 kwenye upepo, akaulaza mpira futi chache kutoka shimoni, akaondoka na kombe la The Open.

Tatizo ni neno «ikikubali». Mpini mrefu unazidisha kila kosa, na kitako kipana kinataka mpira uliokaa vizuri, juu ya nyasi, kama umewekwa na mtu anayekupenda. Nenda uwanja wowote wa bara mwezi wa Septemba, mvua zikiwa mbali, ukute feawei ina vipara. Kitako cha vudi kinagota kwenye udongo mgumu, kinadunda, na ukingo wa uso unaugonga mpira tumboni. Unaenda yadi 60 kwa kelele nyingi. Mchezaji wa kejeli hasikitiki: anaitazama fimbo, anatikisa kichwa, anasema mpini huu laini mno.

Hapa ndipo ningependa kusimama kidogo, kwa sababu kuna fimbo moja ambayo wanaume wa vilabuni wanaikimbia kama ushuru. Vudi namba 7. Ina digrii 21 hivi, mpini mfupi kuliko wa namba 3, inapandisha mpira juu na kuutua polepole. Eti ni ya akina mama. Ni kweli kwamba wanawake wa ziara ya kulipwa ya Marekani wanabeba vudi na haibridi nyingi, na mwendo wao wa draiva, karibu kilomita 150 kwa saa, unamshinda karibu kila anayecheka. Kisha Novemba 2020 Dustin Johnson, jitu lililokuwa likipiga mpira mbali kuliko karibu kila mtu duniani, akashinda Masters kwa mikwaju 268, rekodi ya mashindano yale, na begini mwake alikuwa na vudi namba 7. Baada ya hapo fimbo ile ikageuka ya kiume. Sijui ilibadilika nini; digrii ni zilezile.

Tunafika kwenye haibridi, ambayo mwongozo wa kejeli unapaswa kuipuuza. Haina sura. Kichwa chake ni nusu vudi nusu aironi, kinene, kimejaa, na kampuni moja maarufu iliipa jina lenye maana ya uokoaji, jambo linalomdhalilisha mtu hata kabla hajahitaji kuokolewa. Vijana huiita fimbo ya wazee. Basi wazee wenyewe ni hawa: Todd Hamilton, aliyemshinda Ernie Els kwa mashimo ya ziada katika The Open ya 2004 pale Troon, huku akiitumia haibridi hata kusukumia mpira kutoka pembeni mwa grini. Na Y.E. Yang wa Korea Kusini. Agosti 2009, Hazeltine, shimo la mwisho la PGA Championship, anaongoza kwa mkwaju mmoja, na anayemfukuza ni Tiger Woods, mtu ambaye hadi siku ile hakuwahi kupoteza shindano kubwa akiwa ameianza siku ya mwisho akiongoza. Yang amebakiza zaidi ya yadi 200. Akachomoa haibridi namba 3 na kuutua mpira karibu na bendera. Kwisha habari.

Ubaya wake usifichwe. Kwa wanaotumia mkono wa kulia haibridi hupenda kuvuta kushoto, hasa kwa mtu ambaye tayari ana tabia ya kufunga uso wa fimbo. Ndiyo maana baadhi ya wapigaji hodari wanaikwepa na kurudi kwenye draiving aironi, na sababu yao ni halali. Pia wengi huipiga kama vudi, wakifagia, halafu wanalalamika. Ipige kama aironi: mpira kidogo mbele ya katikati ya miguu, fimbo ishuke, nyasi ziondoke baada ya mpira.

Nyasi zenyewe ndizo zinazotoa hukumu, na hapa sisi tuna la kusema kuliko Wamarekani. Viwanja vingi vya Nairobi na nyanda za juu vimefunikwa na nyasi za kikuyu, mmea wa asili wa milima yetu ya Afrika Mashariki uliosafiri hadi California. Uwanja wa Riviera, Los Angeles, unazo kwenye feawei, na kila mwaka watangazaji wa televisheni wanazizungumzia kwa hofu kana kwamba ni wanyama. Kwenye feawei iliyokatwa, nyasi hizi huubeba mpira juu, na hapo vudi inapata sikukuu. Toka hatua mbili pembeni, mpira unazama, na majani manene yanashika shingo ya fimbo na kuipindua. Aironi nyembamba hufungwa kamba. Vudi pana hunasa. Haibridi, kwa kitako chake chembamba na uzito uliojificha chini, hupasua. Kwa mtu anayepiga feawei moja kati ya tatu, hoja imekwisha hapa, ila sijaona hoja iliyowahi kumzuia mtu kununua.

Pwani ni kesi nyingine. Nyali, Diani au Dar es Salaam, kusi ikivuma kati ya Julai na Septemba na ardhi ikiwa imekauka, mpira wa juu ni mali ya upepo. Hapo draiving aironi ina haki ya kusikilizwa, hata kwa mpigaji wa kawaida, ili mradi aitumie kuanzishia shimo juu ya kijiti cha kuinulia mpira na si kutafutia grini. Na mtu wa Nairobi anayeshuka Mombasa akumbuke kwamba kule kwake, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi inamwongezea kama yadi kumi kwenye kila mia mbili. Akifika pwani yadi hizo zinabaki kwenye treni. Wengi hulaumu samaki wa jana usiku.

Ukienda kujaribu fimbo, nenda kwenye zile sehemu za kufanyia mazoezi zenye mikeka ya plastiki. Mkeka ni rafiki wa muuzaji. Ukichimba nyuma ya mpira, fimbo inateleza mbele badala ya kukwama, na mpira unaruka vizuri kama vile hukukosea. Hapo kila vudi namba 3 ni dawa. Mwenye nia ya kutibiwa kweli aombe kuipiga juu ya nyasi, mpira umewekwa mahali pabaya kwa makusudi. Asitazame ule mmoja uliokwenda yadi 220. Autazame ule mbaya zaidi na kujiuliza kama anaweza kuishi nao. Namba zilizochongwa chini ya fimbo nazo zisimdanganye. Vudi namba 3, haibridi namba 3 na aironi namba 3 ni watu watatu tofauti wenye jina moja. Digrii ndizo za kusoma. Kama aironi yako ndefu inayotii inakwenda 150 na vudi yako 195, unatafuta fimbo mbili za kati, zikiachana yadi kumi na tano hivi.

Bila shaka, mheshimiwa, jibu lako litakuwa kununua zote. Sheria inakataa. Tangu Wamarekani walipoweka kikomo mwaka 1938, na Waingereza kufuata mwaka 1939, mwisho ni fimbo 14. Muulize Ian Woosnam, Mwelisi anayejulikana huku kwetu kwa kushinda Kenya Open mwaka 1986. Siku ya mwisho ya The Open ya 2001, Royal Lytham, alianza kwa shimo fupi lisilohitaji draiva, nusura auingize mpira kwa mkwaju mmoja, akawa kati ya wanaoongoza. Kwenye shimo la pili kedi wake akamweleza kwamba begini kuna draiva mbili. Ile ya ziada ilikuwa ya majaribio ya asubuhi, na hakuna aliyeitoa. Fimbo 15. Adhabu mikwaju miwili, na mwisho akawa miongoni mwa waliofungana nafasi ya tatu. Woosnam hakumfukuza kedi kwa kosa hilo. Alimfukuza wiki chache baadaye, kwa kuchelewa kuamka.

Hukumu basi. Nunua haibridi moja ya digrii 19 hadi 22, na vudi namba 5 au 7 badala ya namba 3. Draiving aironi waachie wenye mikono ya haraka na wakazi wa pwani. Kama pesa ni za mawazo, haibridi ya mtumba ya miaka kumi iliyopita inafanya kazi ileile. Na kabla hujachomoa chochote, muulize kedi. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mabegi kama lile lako, na huyu amekuona ukipiga kuliko unavyojiona mwenyewe. Akikunyooshea haibridi, ipokee, piga, na mwisho wa mzunguko umlipe kabla hujaingia baa.