Mwongozo wa Kukata Mnyororo wa Ugavi wa Nyanya

Ndugu mkulima wa Ngarenanyuki, nyanya zako zimeiva na unatafuta hasara ya heshima. Sogea nikuelekeze. Wenzako wengi wamekutangulia.

Anza na mbegu. Mwaka 1997 watafiti wa Tengeru walitoa Tanya na Tengeru 97, nyanya za ganda gumu zinazovumilia safari. Achana nazo. Tafuta nyanya laini.

Chuma saa saba mchana, zikiwa nyekundu kabisa, ili majirani wakuone. Kisha ziache juani. Nyanya iliyochumwa bado inapumua, na joto linaikimbiza pumzi mpaka ijimalize yenyewe. Huhitaji kulipa kibarua.

Sasa tenga. Hapo tulia, ndipo ufundi ulipo. Zilizopasuka na zenye madoa weka chini, ndogo katikati, juu panga zile kubwa na uzifute kwa khanga mpaka zing'ae. Jaza hadi kiinuke kichuguu, funika kwa majani, shindilia kwa goti, kaza kamba. Ukisikia kitu kimepasuka, kaza tena. Sheria ya vipimo imekataza lumbesa, yaani kichuguu hicho; gunia lisipite kilo 100. Lakini dalali anapenda tenga lenye kichwa, na wewe unapenda kusifiwa na dalali. Maji ya zilizopasuka yatalowesha nzima, na uozo utasafiri bila nauli.

Pakia kwenye fuso, tenga juu ya tenga, nawe ukae juu kabisa. Mashimo ya njiani yatamalizia.

Simu iache mfukoni. Ukiuliza bei kabla ya kuchuma unaweza kupata mnunuzi, ukakosa kufika soko la Kilombero, Arusha, siku ambayo kila mtu ameleta nyanya. Huko dalali atatumbukiza mkono hadi chini ya tenga, maana anajua wote mnapanga hivyo. Atakata bei. Atamkatia pia jirani yako aliyepanga kwa uaminifu, kwa kuwa hana muda wa kupekua kila tenga.

Dalali hapotezi kitu, wala mwenye fuso. Hasara inapanda mlima kurudi Ngarenanyuki, inakula ada ya mtoto na pesa ya mbolea. Kwa hiyo, ndugu yangu, nakuomba msimu ujao uniasi: chuma alfajiri zinapoanza tu kugeuka rangi, tumia kreti la plastiki, usipite ukingo wake, na mpigie mnunuzi simu kabla hujagusa nyanya hata moja.