Rangi Kwanza

Wanaozilaumu matatu za Meru na Embu hawana jicho la sanaa. Wazungu wenye vigari vya rimoti hupaka bodi ya plastiki angavu kwa ndani, ili vikibingirika nakshi isichubuke. Woga mtupu! Sisi tunapaka nje, mbele ya askari. Kanuni za waziri wa uchukuzi Michuki za 2004 zilidai mstari wa manjano; tunao, umenyooka kuliko usukani. Zilidai pia kidhibiti mwendo cha kilomita 80, ila hicho hakipigwi picha. Breki nazo zimejificha huko chini, atazisifu nani? Kwenye mteremko wa daraja la Nithi abiria wote huinamisha vichwa, macho wamefumba. Bila shaka wanatafakari michoro. Fundi wa rangi kashalipwa. Wa breki aje Jumatatu.