Marehemu Kifurushi

Anayedhani Waingereza ni wafujaji hajakutana na kitenzi chao kimoja, ambacho mitaani tumekipokea kwa heshima zote tukakiita kuekspaya. Kinahudumia leseni ya udereva, pakiti ya maziwa, mtu anayekata roho, na hata pumzi inayotoka tu puani. Huko Kilatini kilikotoka, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kutoa pumzi. Sisi na kuchacha kwetu, kuisha muda, kufa na kushusha pumzi, tunatapanya mali.

Waliokielewa vizuri zaidi ni wauza vifurushi vya intaneti. Maziwa yana ushamba wa kungoja mpaka yachache. MB hazina tabia hizo. Saa 5:59 usiku zipo 700, zina afya tele, hazijakohoa hata mara moja. Saa 6:00 ujumbe unaingia kwamba kifurushi chako kimeisha muda. Hakuna maiti, hakuna harufu. Mirathi nayo imepangwa kistaarabu: marehemu alinunuliwa kwa pesa yako, mrithi ni muuzaji. (Shukuru basi, hata sanda hukuchangishwa.)

Na wana huruma, tusiwasingizie. Rambirambi hufika kabla hujafuta machozi: bonyeza namba fulani, ununue kingine. Ndivyo mwili ulivyoumbwa, pumzi ikitoka lazima nyingine iingie.

Salio ulilokopa mwezi jana, hilo bado lipo hai. Linasubiri uweke vocha tu, likatwe.