Namna ya Kudesa Usomaji wa Riwaya

Unataka uonekane umesoma riwaya za watu wa kila namna, lakini muda huna. Usijali, mwenzangu. Njia ya mkato ipo, na ujiko utaupata.

1. Tangaza kabla hujasoma. Kesho kazini sema, "Namalizia Peponi." Ukiulizwa inahusu nini, umekwisha: aibu itakusomesha usiku huohuo. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Sisi tukasubiri mpaka 2022, ndipo Ida Hadjivayanis akatuletea ya Kiswahili. Kazi ngumu kashakufanyia. Desa.

2. Mtafute anayeleta chai. Huu ndio ujanja ninaouamini kuliko yote. Fungua riwaya yoyote, msake mtumishi, yaya, mlinzi wa getini. Ana jina? Ana hasira zake, ana anayempenda? Au anaingia na sinia, anatoka, basi? Ndani ya kurasa kumi utajua mwandishi amewaona akina nani na amewaruka akina nani. Kwenye Peponi, Yusuf ni mtoto aliyetolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kufidia deni. Anauza dukani, usiku analala barazani na Khalil, rehani mwenzake. Kwingine watoto hawa wangepita kwa sentensi moja. Hapa misafara ya kwenda bara, madeni ya wakubwa, Wajerumani wanaoingia, vyote unavitazama kwa macho ya Yusuf. Inauma, na ndivyo inavyotakiwa.

3. Usiende mbali. Chukua mtu asiyefanana na wewe ila anakaa mtaa wa pili. Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa Raza, mwanamume wa makamo mwenye duka. Akimkimbia mume, jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo. Wangapi tumenunua sukari kwenye maduka ya namna hiyo bila kujiuliza ghorofani nani analia? Ukiona uvivu, anza na filamu ya Amil Shivji ya 2021, kisha ingia kitabuni. Ruhusa.

4. Soma jina la jaladani. Rosa wa Rosa Mistika (1971) kaandikwa na Kezilahabi, mwanamume. Yasmin vilevile. Wamewaandika kwa moyo, lakini wanawake wenyewe nao wanaandika: mpe zamu Zainab Burhani na Mali ya Maskini.

5. Azima, usinunue. Kikikuchosha kirudishe, uazime kingine, hakuna mtihani. Kikikunasa, kaa nacho. Mwenyewe akikidai, mwambie umefika patamu.