Nani Ana Kisu?

Mfyuuu! Sogea hapo kwenye benchi, ndugu yangu, kahawa bado ya moto na kashata hazijaisha. Nina jambo limenikaa kooni tangu juzi kama mwiba wa changu, na nisipolitema leo nitalala nalo tena.

Juzi alasiri, hapahapa Madimba, chini ya mkorosho huu, kando ya barabara ya kwendea Msimbati, tulinunua machungwa. Hatukununua ng'ombe, machungwa tu, matatu. Mzee mmoja akauliza swali dogo la kawaida: "Nani ana kisu?" Weeee! Vidume wanne wakatumbukiza mikono mifukoni kwa mkupuo mmoja, kila mtu kakaza uso. Lini umeona wanaume wa kijiwe hiki wakikimbilia mifuko yao namna hiyo? Bili ya kahawa ikija kila mtu huwa anatazama mawingu. Nikasema moyoni, leo tunakula machungwa.

Kikatoka cha kwanza. Subhanallah! Kimekunjwa na bado kinajaa kiganja cha mvuvi. Mpini mweusi, upande huu umechorwa fuvu la mtu, upande wa pili joka linatema moto. Mwenyewe kijana wa bodaboda, mpole kuliko maji ya mtungini, kwao hata kuku anachinjiwa na jirani. Akakifungua, jua likapiga bapa, mbuzi aliyekuwa anatafuna maganda hapa akajiondokea bila kufukuzwa. Mzee akanyoosha mkono apewe. Kijana akakirudisha kifuani: "Hapana babu, hiki si cha machungwa. Hiki cha kazi."

Kazi gani, mwanangu? Hakujibu. Hadi leo hajajibu.

Kikatoka cha pili, kina tochi, kina filimbi, kina kijisumeno, kina kifungulia soda, kina dira ambayo, naapa, ilionyesha kaskazini ni kwa muuza mihogo, na mwenyewe alipogeuka, kaskazini nayo ikageuka. Mambo yote hayo yamo, ila ukifungua kisu chenyewe kinachezacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Cha tatu cha springi. Mwenye nacho akakibonyeza kwa mbwembwe, chap! kikamruka mkononi, kikatua kwenye jiko la muuza kahawa. Cha nne hakikufunguka kabisa. Kutu! Mmoja kashika mpini, mwingine kashika mgongo wa bapa, wanavutana kama watoa ngalawa mchangani, mpaka mzee akawaambia, "Acheni wanangu, mtazikana kwa ajili ya chungwa."

Nani alimenya? Mama muuza vitumbua. Kakaa pale, katutazama tangu mwanzo, kimya. Akainuka na kisu chake cha jikoni, bapa limenolewa likabaki jembamba kama jani la mpunga, mpini umeng'oka zamani, umezungushiwa mpira wa baiskeli. Kruu, ganda likatoka mzunguko mmoja bila kukatika. Akala nusu ya chungwa la kwanza kama ujira wake, akarudi kwenye kikaango, huku anasonya. Na msonyo ule ulikuwa wetu wote, sijui nani wa kumlaumu.

Sasa wewe niambie, mwanaume anapokwenda kuchagua kisu cha mfukoni, akili huwa anaiacha wapi? Mkewe akienda sokoni kununua kisu anagusa makali kwa kidole gumba, anatikisa mpini, anauliza bei, anasonya, anaondoka, anaitwa, anarudi, ananunua. Mumewe anatazama picha ya joka. Kwa nini? Kwa sababu mwanamke anafikiria kitunguu, na mwanaume anamfikiria adui. Adui yupi hapa Madimba? Maadui zetu nawajua, ngedere wa shambani na bei ya korosho, na hao wote wawili hakuna anayewakaribia na kisu cha kukunja.

Na hebu ngoja tuiseme korosho, maana ndiyo inayoleta maafa haya. Minada ikishapita, malipo yakashuka, utawaona wamachinga wanateremka na mabegi kutoka Mtwara mjini. Wanatujua! Walishasikia yale maneno kwamba watu wa kusini wakipata hela ya korosho wanawanywesha mbuzi soda. Mimi mbuzi wa kunywa soda sijamwona kwa macho yangu, lakini nimemwona mtu mzima mwenye wajukuu akinunua visu vitatu vya kukunja siku moja, kimoja cha kijani, kimoja cha rangi ya dhahabu, kimoja chenye mfano wa samaki. Nikamuuliza, "Mjomba, vitatu vya nini?" Akasema, "Kimoja nitakipoteza." Haya. Ilipofika masika vyote vitatu vilikuwa vimepotea, na mjomba anamenya muhogo kwa meno.

Zamani wanaume hawakuwa hivi. Ama pengine walikuwa hivihivi na sisi hatukuwepo kuwaona. Mzee aliyeulizia kisu juzi, marehemu baba yake alivuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji kuja kutafuta kazi ya mkonge, na mfukoni alikuwa na Okapi. Unaijua Okapi? Ile ya mpini wa mbao, ina mwezi na nyota ubavuni, na kipete mgongoni. Ukiifungua inalia krrr, krrr, krrr, jino baada ya jino, mpaka inajifunga yenyewe imara, na ukitaka kuikunja unavuta kile kipete. Mlio ule ndio ulikuwa hodi ya baba zetu. Mtoto akiusikia gizani anajua babu yuko barazani, na embe linamenywa.

Basi sikiliza kioja cha kisu chenyewe. Jina ni la mnyama wa Kongo, wa misitu ya Ituri, yule mwenye miguu ya punda milia na shingo inayodai undugu na twiga, mwenye haya hata wataalamu wa Ulaya hawakumwandika kwenye vitabu vyao mpaka 1901. Mwaka uliofuata, 1902, Wajerumani wa mji wa Solingen wakaanza kufua kisu wakakipa jina lake, kwa ajili ya kuuza kwenye makoloni yao ya Afrika. Fikiria hapo! Mwaka 1895 wamejenga boma lao pale Mikindani, mwaka 1898 wameanza kutoza kodi ya nyumba, mwaka 1902 wanatufulia visu, halafu mwaka 1905 vita vya Maji Maji vinaanza na wao wanashangaa! Mkoloni naye alikuwa na kijiwe chake, si bure. Siku hizi Okapi haitoki tena Ujerumani. Tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Na ukifika Jamaica utakuta wanaijua kwa mlio wake uleule wa meno. Kisu cha mnyama wa Kongo, kilichoanzia kwa Mjerumani, kimehamia kwa Makaburu na Wazulu, kinaogopwa na Wajamaika, na hapa Madimba kilimenya embe miaka nenda miaka rudi bila kumdhuru mtu.

Uzuri wake ni nini? Chuma chake ni kile cha kawaida, kinachoshika kutu. Najua utasema kutu ni uzuri gani, na pwani hii upepo wenyewe una chumvi, hata kitasa cha mlango kinaliwa. Lakini chuma hicho kinakubali kunolewa na jiwe lolote. Huna kinoo, pindua kikombe cha udongo, pale kitakoni penye ukingo usiong'aa, pitisha mara kumi upande huu na kumi ule, mambo yamekwisha. Ukimaliza kazi ufute na upake tone la mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi Madimba yanakosekana? Hivi vinavyong'aa havishiki kutu, kweli, lakini vingi vikishakufa makali ndiyo basi, unanoa mpaka mkono unakufa ganzi na kisu kinakucheka. Na yule wa cha nne, mwenye kutu, usimwonee huruma. Alikatia chambo cha pweza, akakikunja na maji ya bahari ndani, akakiweka mfukoni wiki nzima, sasa anamlaumu machinga.

Shemeji yangu mmoja alirudi kutoka Ulaya na kisu cha Kifaransa, Opinel. Ah, hiki nilikipenda, sitasema uongo. Mpini wa mbao tupu, bapa jembamba, hakina joka wala filimbi. Wenyewe wanavipa namba kama viatu. Chake kilikuwa namba 8, bapa lake sentimita 8 na nusu. Kilianza 1890 huko milimani Savoie, kwa ajili ya wakulima wa kukatia jibini na mkate, yaani watu kama sisi, basi tu wao wana baridi. Kina pete ya chuma shingoni, iliyoongezwa 1955, ukiizungusha bapa halirudi likakukata vidole. Shemeji akakisifia asubuhi nzima, tukaenda nacho baharini. Ngalawa ikapigwa na wimbi, tukalowa wote, na kisu kikalowa. Kufika kwenye mtego, kamba imejisokota, inatakiwa kukatwa upesi. Shemeji anavuta, kisu hakitoki! Mbao imekunywa maji imevimba, bapa limebanwa kama ulimi wa shahidi wa uongo. Nahodha akaikata kamba kwa panga, kisha akamwambia shemeji kwa upole, "Nkwe wangu, hicho kikaushe, ukatie nkate." Hatujakisikia tena kikisifiwa. Lakini nitakwambia kitu, kwa mtu asiyekwenda majini, aipake ile mbao mafuta na kuiacha ikauke vizuri, hakuna kisu cha chungwa kinachokishinda. Tatizo ni sisi. Tunaona kizuri, tunakipeleka pasipo pake.

Na hawa wa vifaa kumi na vinne! Waswisi walivianzisha kwa ajili ya askari, 1891, na askari alikuwa na haja navyo, afungue kopo la chakula, afungue bunduki yake. Wewe unayevaa kikoi una bunduki gani? Kulikuwa na akika mtaa wa pili, mtu akajitokeza na kisu cha namna hiyo kuchinja mbuzi. Anafungua mkasi, siyo. Anafungua bisibisi, siyo. Anafungua kibanio cha kutolea miiba, watu wanaanza kucheka, mbuzi anatazama. Alipolipata bapa likawa fupi kama kidole cha mwisho, butu. Shehe akamtazama, akamshika bega, akamkalisha. Kuchinja kuna sharti la makali, mnyama asiteswe. Kikaletwa kisu cha jikoni, kile cha mpira wa baiskeli, tena sijui kama si kilekile.

Utaniuliza, sasa mtu achague kipi? Mimi sina duka. Ila tazama urefu. Bapa likizidi kidole chako cha kati hicho umebeba panga lenye aibu, na kwenye geti lolote la watu wakubwa watakuvua. Jamaa yetu mmoja aliachishwa chake getini, akapewa kijikaratasi, jioni aliporudi kijikaratasi kipo na kisu hakipo. Kitikise, kikilia kama njuga kirudishe. Kifunge na ukifungue kwa mkono uliolowa, maana mkono wa pwani haukauki. Na ukikitazama kisu ukajisikia shujaa, kiache palepale mezani. Sisi tulioingia jando tunajua kisu cha kuogopwa ni kimoja tu, cha ngariba, na chenyewe hakikuwa na picha ya joka.

Mimi je? Nilijua utauliza. Juzi sikutia mkono mfukoni, na umeligundua hilo, kunyamaza kwako kote huku ulikuwa unaningoja. Mimi ninayo Okapi, ndugu yangu, ya mpini wa mbao, nimeipaka nazi, nimeinoa inanyoa malaika ya mkono. Ilikuwa kwa jirani. Aliiazima siku ya Jumatatu "dakika mbili tu". Ana visu viwili vyake mwenyewe, kimoja kina fuvu, lakini anasema hataki kuvichafua.

Imerudi jana magharibi. Kaileta mwanawe wa darasa la pili, kaishika kwa mikono miwili kwa adabu, shikamoo babu. Nikaifungua, krrr, krrr. Ncha haipo. Imevunjika, alikuwa anafungulia skrubu za redio. Nikamtazama mtoto, mtoto kanitazama, kisha akakumbuka ujumbe aliotumwa.

"Baba anasema asante. Na anaomba umuazime na kinoo."