Barua ya Wazi kwa Wenye Anga

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUONYESHWA MAHALI PA KURUSHIA DRONI

Pokea salamu zetu sisi wapiga picha za harusi. Hatujambo, ila shingo zinatuuma kwa kutazama juu.

Nianze na pongezi. Kanuni za ndege zisizo na rubani nimezisoma mwanzo hadi mwisho, na sina hakika kama kila askari anayetunyang'anya droni amefanya hivyo. Za kwanza zilitoka 2017. Mwaka uliofuata Bunge likazifuta kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Majirani zetu wa Rwanda walikuwa wanapeleka damu hospitalini kwa droni tangu Oktoba 2016, lakini wao wana haraka zao. Sisi tulikuwa bado tunashirikishwa. Kanuni mpya zikachapishwa 2020, mwaka uleule korona ilipofunga kumbi za harusi, na kwa miezi kadhaa hakuna mpiga picha wa harusi aliyevunja sheria hata moja. Hongereni sana.

Wasomaji ambao hawajazisoma nawaeleza kwa ufupi. Droni lazima isajiliwe, na kabla ya kuiingiza nchini uwe na kibali. Mwenye kuirusha awe ametimiza miaka 18. Isipite futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 122, ambazo ni juu kidogo tu ya paa la KICC. Uione kwa macho yako muda wote, usiisogeze karibu na watu, magari wala majengo ya wengine kwa chini ya mita 50, na usiku isiruke bila ruhusa maalumu. Mbugani unahitaji pia kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori, na anayelipwa kwa kazi hii ana vyeti vingine vya kutafuta.

Haya siyapingi hata kidogo. Rubani wa ndege ndogo anayetua uwanja wa Wilson hawezi kuona kidude cha gramu 900 mpaka kiwe kiooni kwake. Huko Uingereza, Desemba 2018, taarifa tu za droni zilifunga uwanja wa Gatwick kwa zaidi ya siku nzima, abiria wapatao 140,000 wakakwama, na polisi walifunga jalada chini ya miaka miwili baadaye bila kumpata mhusika. Kwa hiyo hofu yenu naielewa. Kisichonielea ni viwanja vya ndege.

Kanuni zinasema tukae kilomita 10 kutoka kwenye viwanja vya herufi C, D, E na F, na kilomita 7 kutoka kwenye vile vya A na B. Nikauliza herufi hizo zinaandikwa wapi. Langoni? Kumbe zinatokana na upana wa mabawa ya ndege zinazotumia uwanja: ndege isiyofika mita 15 kutoka ncha hadi ncha ni A, inayoanzia mita 24 bila kufika 36 ni C, na kuendelea hadi F. Kwa hiyo kijana wa mtaa wa Umoja aliyeitwa kupiga picha za ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yake anatakiwa kwanza ajue upana wa mabawa ya ndege kubwa inayotua karibu naye, kisha apime kutoka kitovu cha uwanja hadi kwenye hema. Akimaliza hesabu, mbuzi wameshaliwa.

Mimi niliamua kuwasaidia vijana wangu. Nikatwaa ramani ya Nairobi na bikari. Duara la uwanja wa JKIA likameza Embakasi na Utawala. La Wilson likachukua Lang'ata, Kibra, South C na katikati ya mji. Kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh ikajibebea Pangani, Buruburu na hiyo Umoja yenyewe. Kusini kuna mbuga. Nikashangilia kuona Karen imepona, nikakumbuka kwamba makazi rasmi ya Naibu Rais yako hukohuko. Basi imebaki Limuru, Mheshimiwa. Bwana harusi wa Embakasi apakie wazee, masufuria na kwaya kwenye matatu, apande Limuru, na akifika akute ukungu umetanda kiasi kwamba droni haionekani kwa macho, na isiyoonekana kwa macho hairuhusiwi.

Tuseme ukungu umeondoka. Sasa kuna zile mita 50. Kanuni hii iliandikwa na mtu asiye na shangazi. Droni ikipaa tu, shangazi wa bibi harusi wanakimbilia chini yake, leso hewani, vigelegele, kila mmoja akitaka kuonekana kuliko mwenzake. Ukirudi nyuma wanakufuata. Nimejaribu kuwaeleza masharti ya Mamlaka nikaulizwa nimetoka ukoo gani.

Lakini kuna wataalamu wanaoliweza jambo hili, nanyi mnawajua. Nenda mkutano wowote wa siasa. Droni inazunguka juu ya jukwaa, inashuka hadi kwenye vichwa vya maelfu ya watu, inapanda, inashuka tena, halafu helikopta ya mheshimiwa inatua uwanjani humohumo na droni inaipokea. Jioni tunaona picha zote kwenye runinga, safi kabisa. Sisemi hawana vibali. Huenda wanavyo vyote, vimepigwa lamineti. Nauliza tu zile mita 50 zilipimwa kutoka kwa nani.

(Halafu kuna makorongo wa Mombasa Road, pale karibu na uwanja wa Nyayo. Korongo mmoja anaweza kufika kilo 9, mara kumi ya droni yangu, na anaruka apendapo. Hana usajili wala bima. Simchongei, nataja tu.)

Ombi langu ni dogo. Tupeni ramani moja ya kufungua kwenye simu, mtu asimame mahali alipo na aone rangi: hapa ruka, hapa omba ruhusa, hapa usithubutu. Kama tayari ipo kwenye droo ya mtu, itolewe. Na ule muhtasari wa kanuni uandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu Katiba ya 2010 inasema hiyo ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, ilhali kanuni zilichapishwa kwa Kiingereza cha mawakili. Anayetaka kutii asihitaji wakili na bikari.

Mkishindwa na hayo yote, basi siku ya mkutano ujao wa siasa tumeni ofisa mmoja mwenye futi kamba. Sisi wa harusi tutakuja kumshikia upande mmoja.

Harusi za Desemba zinakaribia, Mheshimiwa. Tujibuni mapema.

Wako mtiifu, nikiwa bado ardhini,

Mpiga picha za harusi, Nairobi.